Kidonda Kimepona, Je, Maumivu? Somo la Mdomo wa Kuku Uliokatwa

Mwaka huu, wakati wanachama wenzangu wanawaletea ngano, mashairi na vitendawili, mimi nimeamua kuwaletea kuku. Msicheke! Chama chetu hudai kila mara kwamba Kiswahili kinaweza kubeba elimu yoyote. Basi leo na tukibebeshe mzigo wa neva na maumivu, tuone kama kitalegea magoti.

Jambo lenyewe ni hili. Katika somo la Kilimo, tunapofika kwenye ufugaji wa kuku, tunafundishwa kwamba kuku wakianza kudonoana na kulana, mojawapo ya njia za kuwazuia ni kuwakata ncha za midomo. Mwanafunzi akiandika hivyo kwenye mtihani hupata maksi zake na kwenda zake. Katika somo la Baiolojia nako tunafundishwa habari za neva na jinsi zinavyopeleka ishara kwenye ubongo. Lakini masomo haya mawili hukaa kama majirani waliokosana, hayasalimiani. Nia yangu ni kuyakutanisha kwa swali moja tu: kuku aliyekatwa mdomo, kidonda chake kikishafunga, je, maumivu nayo huisha?

Jibu kwa ufupi: si lazima. Kidonda kinaweza kupona nje, huku ndani neva ikiendelea kupiga yowe. Na iwapo itapiga yowe au itanyamaza, hilo hutegemea zaidi mambo mawili: umri wa kuku siku aliyokatwa, na kiasi cha mdomo kilichoondolewa. Sasa nifuateni polepole.

KWA NINI MDOMO HUKATWA

Tuanze kwa kumtendea haki mfugaji. Hakuna mtu anayeamka asubuhi na kusema, "Leo nitawatesa kuku wangu." Kuku wa mayai waliosongamana huweza kuanza mchezo mbaya. Mmoja anamnyofoa mwenzake unyoya, kisha wa pili, kisha wa tatu. Ngozi inabaki wazi, damu inatoka, na kuku wakishaiona damu, basi! Wanamwandama mnyonge yule na kumdonoa, hasa sehemu ya nyuma anakotolea yai, hata matumbo yakatoka nje.

Nyumbani kwetu tunafuga kuku wa mayai wapatao 80, na sehemu ya karo yangu hutoka kwenye trei za mayai. Msimu mmoja tulipoteza kuku 6 kwa siku 4 kwa njia hiyo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia ati kudonoana ni jambo dogo. Ni hasara, na kwa yule kuku anayeliwa akiwa hai, ni mateso makubwa pia.

Dawa ya kukata mdomo ilianza kuenezwa kutoka Marekani. Katika miaka ya 1930 ilijaribiwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Ohio. Katika miaka ya 1940, kule San Diego, California, ikaundwa mashine ya umeme yenye kisu kinachowaka moto. Kisu hicho hukata na papo hapo huunguza, ili damu isitoke. Mashine za namna hiyo zikaenea ulimwenguni. Kwa kawaida huondolewa thuluthi moja hadi nusu ya mdomo wa juu, na mara nyingi kipande cha mdomo wa chini pia. Asiye na mashine hutia kisu kwenye makaa kikawa chekundu, akafanya kazi hiyo kwa mkono.

MDOMO SI UKUCHA

Nikizungumza habari hizi bwenini, wengi hunijibu, "Aa, si ni kama kukata kucha tu!" Hebu tazama ukucha wako sasa hivi. Ile ncha nyeupe ukiikata husikii lolote, kwa kuwa haina neva. Lakini wembe ukiteleza ukafika pale penye rangi ya nyama, utaruka! Basi mdomo wa kuku, ukiondoa ncha yake kabisa, ni kama hapo penye rangi ya nyama.

Nje kuna gamba gumu la keratini, sawa na ukucha na pembe. Chini ya gamba kuna ngozi laini yenye mishipa ya damu na neva. Chini ya ngozi hiyo kuna mfupa. Neva za mdomo ni matawi ya neva ya tano ya kichwa, ambayo hata sisi binadamu tunayo. Ndiyo inayohudumia uso na meno yetu. Aliyewahi kuumwa na jino anaijua neva hii bila kufundishwa!

Ndani ya ngozi hiyo mna vipokezi vya aina nyingi. Vipo vya kuhisi mguso, vya kuhisi joto na baridi, na vya kuhisi maumivu. Kwenye ncha ya mdomo wa chini vipokezi vya mguso vimekusanyika pamoja katika vichuguu vidogo vidogo vya ngozi, vikafanya kiungo maalumu cha kupapasia. Mnajua kwa nini? Kuku hana mikono. Mdomo ndio kidole chake cha kuchagulia punje mchangani, ndio kitana cha kuchania manyoya, na ndio silaha yake. Kuukata mdomo ni kumkata vidole.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1965 nchini Uingereza, kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell ilitoa ripoti kuhusu hali ya mifugo. Kamati ilieleza wazi kwamba kati ya gamba na mfupa wa mdomo mna tabaka jembamba lenye hisia kali, na kwamba kisu cha moto hupita katika yote hayo, yaani gamba, ngozi na mfupa, na kuleta maumivu makali. Hata hivyo swali lilibaki: ni maumivu ya dakika chache, au ni maumivu ya kudumu?

HATUA TANO ZA MAUMIVU

Waliolishughulikia swali hilo kwa makini ni watafiti wa Edinburgh, kule Uskoti, wakiwemo Michael Gentle na J. Breward, kuanzia miaka ya 1980. Nimepanga waliyoyaona, pamoja na elimu ya neva kwa jumla, katika hatua tano ili iwe rahisi kukumbuka.

Hatua ya kwanza: kisu. Neva inapokatwa hutoa ghafla mfululizo wa ishara za umeme kuelekea ubongoni. Kuku hujikukurusha kutaka kuponyoka. Ishara hizo ni kali lakini za muda mfupi.

Hatua ya pili: kimya. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Neva ikishakatwa na kuunguzwa, hunyamaza kwa muda. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1991, Gentle na wenzake waliwapima kuku kwa kuhesabu jinsi wanavyodonoa. Saa 6 baada ya kukatwa, kuku walidonoa karibu kama kawaida. Lakini ilipofika saa 26, udonoaji ulikuwa umepungua waziwazi. Maana yake ni kwamba kuku anaweza kukaa karibu siku nzima bila kuonyesha dalili. Mkataji anafunga mashine yake, anapokea malipo, anaona kuku wanakula, anasema, "Mnaona? Hawakusikia kitu!" Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huja kesho yake, mkataji akiwa ameshafika kwake.

Hatua ya tatu: maumivu ya kidonda. Sehemu iliyounguzwa huvimba, na kemikali zinazotokana na uvimbe huvifanya vipokezi vya maumivu kuwa vyepesi kuchokozeka. Mguso ambao zamani haukuwa kitu sasa unauma. Kuku huacha kuutumia mdomo wake ovyo, kama vile mtu mwenye kidole kilichojeruhiwa anavyokiinua juu kisiguswe.

Hatua ya nne: machipukizi. Ngozi hufunika jeraha katika muda wa wiki chache, na kwa macho yetu kuku amepona. Lakini ndani neva haijui kwamba ncha ya mdomo imekwenda zake. Kila uzi wa neva uliokatwa hujaribu kukua tena, ukachipua kama kisiki cha mti kinavyochipua baada ya shoka. Machipukizi yanatafuta njia ya kurudi kwenye ncha ya mdomo, kule yalikokuwa yakihudumu. Ncha haipo! Mbele kuna kovu. Basi machipukizi yanagonga ukuta, yanapinda, yanarudi nyuma, yanajisokota.

Hatua ya tano: fundo. Mwisho wake machipukizi hayo hutatizana yakafanya fundo, kama uzi wa cherehani uliotatizika. Fundo hili kitaalamu huitwa nyuroma. Watafiti wa Edinburgh waliyaona mafundo haya kwa hadubini katika visiki vya midomo wiki tatu hadi nne baada ya kukata, na siku 70 baadaye yalikuwa bado yapo.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwani hapa ndipo moyo wa somo ulipo. Neva nzima ni kama kengele ya mlango. Hulia mtu anapoibonyeza, asipoibonyeza hunyamaza. Fundo la neva ni kama kengele iliyoharibika waya. Hulia yenyewe usiku na mchana, hata pasipo mtu mlangoni. Mwaka 1985 Breward na Gentle walinasa umeme wa neva katika visiki vya midomo, wakakuta zinatoa ishara zenyewe, bila kuguswa. Katika wanyama wengine waliochunguzwa maabarani imeonekana kwamba milango midogo ya sodiamu, ile inayoanzisha umeme wa neva, hurundikana kupita kiasi kwenye fundo la namna hii, na ndiyo sababu linachokozeka upesi. Ubongo nao, maskini, hauna njia ya kujua kwamba kengele imeharibika. Ukipokea ishara za maumivu, huumwa.

Maumivu ya hatua ya kwanza na ya tatu yana kazi. Humwonya kiumbe, na kidonda kikipona huondoka. Maumivu ya hatua ya tano hayamwonyi mtu juu ya lolote, na kidonda kupona hakuyaondoi. Ndiyo tunayoyaita maumivu sugu.

KUKU HASEMI, TUMEJUAJE?

Mtu atauliza, "Wewe uliongea na kuku lini?" Swali zuri. Fundo kuonekana kwa hadubini na umeme kunaswa kwenye neva bado si ushahidi kamili kwamba kuku anaumwa. Shahidi wa tatu ni mwenendo.

Mwaka 1989 Ian Duncan na wenzake wa huko huko Edinburgh walichapisha habari za kuku waliotazamwa kabla na baada ya kukatwa midomo. Baada ya kukatwa, kuku walikula na kunywa kidogo, wakapunguza kujichania manyoya na kudonoadonoa vitu, na wakawa wanasimama au kusinzia muda mrefu bila kufanya kitu. Wiki 5 baadaye baadhi ya mienendo hiyo ilikuwa bado haijarudi ilivyokuwa. Mwaka uliofuata Gentle na wenzake walieleza kwamba wiki 6 baada ya kukatwa, kuku walikuwa bado wanadonoa vitu kwa uchache, na walipunguza hata kuipangusa midomo yao na kutikisa vichwa. Kupangusa mdomo chini baada ya kula ni desturi ya kila kuku. Anayeacha desturi yake ana sababu.

Baada ya ule msiba wetu wa kuku 6, aliitwa mtu wa kukata midomo ya kuku waliokuwa wameshaanza kutaga. Udonoaji ulipungua kweli, siwezi kuficha. Vidonda vilikauka vizuri. Lakini mimi niliyekuwa nikiwatilia chakula nilizoea kumwangalia kuku mmoja mwenye doa jeupe bawani. Alikuwa akiisogelea punje ya mahindi, akaidonoa mara moja, akasita, akainua kichwa na kusimama macho yamefumba nusu. Unga laini aliula, punje ngumu aliziacha. Miezi miwili baadaye alikuwa vile vile. Simwiti shahidi wa kisayansi, kwa maana kuku mmoja si jaribio. Lakini niliposoma habari za Edinburgh nilimkumbuka yeye.

Wengine husema, "Mbona bado anataga?" Jamani! Kutaga huendeshwa na homoni, mwangaza na chakula. Hakupimi maumivu. Mama mwenye jino bovu bado hupika, na mwalimu mwenye kichwa kinachogonga bado hufundisha. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tena tunaye shahidi wa nne anayeweza kusema, yaani binadamu mwenyewe. Daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwatibu askari waliojeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865. Wengi waliokatwa mguu au mkono walilalamika kwamba kisiki kinawaka moto, au kwamba kiungo ambacho hakipo tena kinauma. Madaktari wa leo wanajua kwamba nyuroma kwenye visiki ni mojawapo ya sababu za maumivu hayo. Neva ya kuku na neva ya binadamu, zikikatwa, hutenda kwa namna zinazofanana sana. Mwenye mguu uliokatwa anasema, nasi tunamwamini. Mwenye mdomo uliokatwa anasimama pembeni na kufumba macho.

SI KUKU WOTE

Mwanafunzi mwaminifu hapaswi kuchukua upande mmoja wa habari akauacha mwingine. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba si kila kuku aliyekatwa hupata fundo la kudumu.

Jambo la kwanza ni umri. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kifaranga wa siku chache ana uwezo mkubwa wa kuotesha tena tishu za mdomo, kwa hiyo machipukizi ya neva hupata mahali pa kwenda. Mwaka 1997 Gentle na wenzake waliripoti kwamba kuku waliokatwa wakiwa na siku 1 au siku 10 hawakukutwa na nyuroma. Hata hivyo, mdomo haukurudishiwa vipokezi vya mguso kama zamani. Yaani kifaranga anaweza kuepuka yowe la kudumu, lakini "kidole" chake kinabaki na ganzi.

Jambo la pili ni kiasi. Watafiti wa Australia, Christine Lunam, Philip Glatz na mwenzao, walionyesha mwaka 1996 kwamba vifaranga waliokatwa kiasi siku ya kuanguliwa hawakuwa na nyuroma walipofikia utu uzima. Mafundo yaliyojitokeza mwanzoni yalikuwa yametoweka. Wale waliokatwa kupita kiasi walibaki nayo.

Siku hizi katika vituo vikubwa vya kuangulia vifaranga iko njia nyingine. Kifaranga wa siku moja hupigwa kwenye ncha ya mdomo miale ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Hakuna jeraha wazi. Ncha hulainika na kung'oka yenyewe baada ya wiki moja au mbili hivi. Ni afadhali kuliko kisu cha moto, ingawa tishu zinazokufa pale nazo zilikuwa na uhai na hisia.

Basi yule aliye katika hatari kubwa kabisa ni nani? Ni kuku mkubwa, anayekaribia kutaga au anayetaga tayari, anayekatwa sehemu kubwa kwa kisu cha moto kwa sababu udonoaji umeshaanza. Na ole wake anayekatwa mara ya pili baada ya mdomo kuota! Kwa bahati mbaya, hivyo ndivyo wengi wetu wafugaji wadogo hufanya. Hatukumbuki midomo mpaka damu imwagike.

TUFANYEJE BASI?

Kuku hadonoi kwa sababu ana mdomo. Sisi nasi hatupigani kwa sababu tuna mikono. Kuku aliye huru hutumia sehemu kubwa ya siku yake akiparura na kudonoa ardhi kutafuta chakula. Ukimfungia mahali patupu, hamu ile ya kudonoa haifi. Hutafuta mahali pa kutua, na mahali pa karibu ni manyoya ya jirani. Kwa hiyo kukata mdomo ni kuondoa silaha huku ugomvi ukibaki. Kinga ni hizi:

Kwanza, nafasi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 iliweka kikomo cha kuku 9 wa mayai kwa kila mita ya mraba wanayoweza kuitumia katika nyumba zisizo na vizimba. Chukua futi kamba, upime nyumba yako, ugawanye. Hesabu ya darasani si ya mtihani tu!

Pili, kazi ya mdomo. Weka maranda makavu ya kuparura, mwaga punje kidogo ndani yake, ning'iniza majani ya sukuma wiki au kabichi kwa kamba.

Tatu, chakula kamili. Upungufu wa protini, hasa ile sehemu yake iitwayo methionini, na upungufu wa chumvi na madini huchochea udonoaji. Chakula cha bei rahisi kilichopunjwa huweza kumgharimu mfugaji kuku wazima.

Nne, mwangaza. Jua kali likiingia moja kwa moja huongeza udonoaji. Viota vya kutagia viwe na giza kidogo, ili kuku anayetaga asionekane nyuma yake na wenzake.

Tano, kumtenga majeruhi mara moja, kabla kundi halijajifunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sita, mbegu. Profesa William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, hakuchagua kuku mmoja mmoja anayetaga sana. Alichagua familia nzima zilizotaga vizuri na kuishi kwa amani katika kizimba kimoja, midomo yao ikiwa mizima. Katika ripoti yake ya mwaka 1996, baada ya vizazi vichache tu, vifo vya mwaka vilishuka kutoka asilimia 68 hadi asilimia 8.8. Yaani upole nao hurithiwa!

Kama kuna anayedhani haya ni ndoto, na atazame nchi nyingine. Norwe ilipiga marufuku kukata midomo mwaka 1974, Ufini mwaka 1986 na Uswidi mwaka 1988. Ujerumani, wenye vituo vya kuangulia vifaranga wa kutaga walikubaliana kuacha mwaka 2016. Sheria ile ya Umoja wa Ulaya ya 1999 haikukataza kabisa, lakini iliziachia nchi ruhusa ya kukata vifaranga wasiozidi siku 10 tu, tena kwa mikono ya watu waliofundishwa.

Nyumbani kwetu kundi la sasa halijakatwa. Mama alipunguza idadi, akaziba dirisha la upande wa machweo kwa gunia, akaanza kuning'iniza sukuma wiki. Kuku wawili wamedonolewa mpaka sasa, wakatengwa, wakapona. Kazi imeongezeka, sidanganyi, na mama hunikumbusha kila likizo kwamba kazi hiyo ni yangu.

Nawasihi wenzangu wa Kilimo: mtihani ukiuliza namna za kuzuia kuku kulana, kukata mdomo bado ni jibu, andikeni. Lakini msiliweke la kwanza. Andikeni nafasi, chakula, mwangaza na kazi ya mdomo kwanza. Na siku mtakapokuwa wafugaji, kama hapana budi kukata, basi iwe kifaranga katika siku zake za mwanzo, iwe ncha tu, na mkono uwe wa mtu aliyefundishwa. Kuku mkubwa, mwacheni na mdomo wake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini haifai kuhukumu maumivu ya kuku kwa kumtazama siku ile ile aliyokatwa mdomo?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi fundo la neva linavyotokea.
3. Taja tofauti mbili kati ya maumivu ya kidonda na maumivu sugu.
4. Nyumba ya kuku ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 3, na sakafu yote inatumika. Kwa kikomo cha kuku 9 kwa mita ya mraba, itachukua kuku wangapi? Je, wakiongezwa 60, unatarajia kuona nini?
5. "Anataga, kwa hiyo haumwi." Jadili kauli hii mkiwa wawili wawili, mmoja akitetea na mwingine akipinga.

Majibu ya swali la tano leteni kwenye mkutano wa chama. Nina hakika mjadala utakuwa moto.